Lalamiko la Mtu Mmoja: Je, Tunaweza Kukemea Tangazo Bila Kumhukumu Dada Aliye Ndani Yake?



Vijana wenzangu, leo naanza na kosa langu mwenyewe. Nikianza na makosa ya kampuni za mitindo nitaonekana mtakatifu, kumbe wapi.

Mwezi Agosti 2025 kijana mmoja alituma habari kutoka Uingereza kwenye kundi letu la WhatsApp la vijana wa parokia. Kampuni ya nguo ya Zara ilikuwa imezuiwa kuonyesha tena picha mbili za matangazo yake, kwa sababu wanamitindo waliomo walionekana wamekonda kupita kiwango cha afya. Picha zenyewe ziliambatanishwa. Mjadala ulianza vizuri tu: dunia inawadanganya mabinti, mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, na kadhalika. Mimi nikataka kuchangamsha kijiwe. Nikaandika, "Huyu siyo mtu jamani, ni henga ya nguo." Watu wakacheka. Mwingine akaongeza "njiti ya kiberiti", mwingine "upepo ukipita anaenda nao".

Jumamosi ile dada mmoja wa sauti ya pili hakuja mazoezi ya kwaya. Jumamosi iliyofuata vilevile. Nilipokutana naye baada ya Misa nikamuuliza kulikoni. Akaniangalia kidogo, akasema taratibu, "Kaka, mimi nguo zote zinanikaa vile. Tangu shule ya msingi naitwa njiti. Sasa hata nyie?"

Sikuwa na jibu. Hoja yetu kwenye kundi ilikuwa ya kweli, na papo hapo tulikuwa tumemuumiza mtu. Tulidai kutetea hadhi ya mwili wa mwanamke huku tukiuchekelea mwili wa mwanamke. Toka siku hiyo swali moja halijaniacha: inawezekana kulikemea tangazo bila kumdhalilisha mtu aliyepigwa picha, na bila kumpiga jiwe yule anayefanana naye?

Nikarudi kusoma ile habari vizuri, safari hii bila haraka. Nilichokikuta kilinishangaza. Wale wasimamizi wa matangazo, ambao wala siyo chombo cha Kanisa, walikuwa wamejitahidi kufanya jambo ambalo sisi vijana wa parokia tulishindwa.

Wanaosikiliza malalamiko

Uingereza kuna chombo kinaitwa Advertising Standards Authority, kwa kifupi ASA, yaani mamlaka ya viwango vya matangazo. Kilianza mwaka 1962. Siyo idara ya serikali. Kinaendeshwa kwa mchango mdogo unaokatwa kwenye gharama za matangazo, asilimia 0.1. Hakina polisi, na hakiwezi kumtoza mtu faini.

Mtu yeyote akiona tangazo limemkwaza anaweza kupeleka lalamiko bila kulipa chochote. Mwananchi wa kawaida jina lake halitangazwi. Wanaangalia kwanza kama lalamiko linagusa kanuni. Mengine yanamalizwa kimyakimya: kampuni inaambiwa, inakubali, inaondoa au inarekebisha. Likiwa zito, kampuni inaandikiwa ijitetee na ilete ushahidi wake. Halafu Baraza la ASA, ambalo wengi wa wajumbe wake hawatoki kwenye biashara ya matangazo, linaamua. Uamuzi unawekwa hadharani na sababu zake zote, kwa kawaida siku ya Jumatano. Adhabu kubwa ni hiyo: watu wote wajue, na vyombo vya habari vikatae kulibeba tangazo hilo tena.

Kwenye mitindo, kanuni inayotumika sana ni fupi: tangazo liandaliwe kwa kuwajibika kwa mteja na kwa jamii. Kanuni haisemi mwanamitindo awe na kilo ngapi. Inauliza picha hii itamfanya nini anayeitazama.

Wanaihukumu picha, siyo mtu

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Katika habari ile ya Zara, picha zilizochunguzwa zilikuwa nne, na mbili ndizo zilizozuiwa. Tazama sababu walizotoa. Kwenye moja, vivuli vilifanya miguu ionekane myembamba mno. Nywele zilizobanwa nyuma nazo zilifanya uso uonekane umebonyea, na jinsi mwanamitindo alivyosimama kulifanya mifupa ya mtulinga itokeze. Wanazungumza habari za taa, pozi, nywele na kona ya kamera. Hakuna mahali walipoandika kwamba dada huyu ni mbaya au ni mgonjwa.

Mwaka huohuo yalishaamuliwa mengine mawili ya namna hiyo. Kwenye tangazo la Next, la suruali ya kubana, walisema pozi, kona ya kamera na mavazi vilisisitiza wembamba wa miguu. Kwenye la Marks & Spencer walitaja hadi viatu vyenye ncha kali, kwamba vilifanya miguu izidi kuonekana myembamba. Viatu! Sisi tungeishia kusema "hanger".

Mwaka 2015 kulikuwa na kesi ya jarida la Vogue na kampuni ya Miu Miu. Mwigizaji Mia Goth, mtu mzima mwenye zaidi ya miaka 20, alipigwa picha amelala kitandani, anaonekana kupitia mlango uliofunguliwa kidogo, kama vile mtu anamchungulia. Kampuni ilieleza kwamba ni mtu mzima, na ni kweli. Lakini ASA ikasema picha imepangwa hivi kwamba anaonekana kama mtoto katika mazingira ya kimapenzi, na hilo siyo jambo la kuchezea. Umri wake haukuwa kosa. Mlango ule, kitanda kile na jicho lile linalochungulia ndivyo vilivyokuwa na tatizo.

Kijana mwenzangu, hebu tujichunguze kidogo. Sisi tukisikia "tangazo baya" akili inakimbilia moja kwa moja kwenye urefu wa sketi. Lakini dada wa kwenye tangazo la Next alikuwa amevaa suruali iliyofunika miguu yote. Mtu anaweza kufunikwa vizuri na bado mwili wake ukatumiwa kumwambia binti wa miaka 14, "Usipokuwa hivi wewe siyo kitu." Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2286, inapofundisha kuhusu kwazo inataja kwamba kwazo linaweza kuletwa na sheria, na taasisi, na hata mitindo. Kwazo ni kumfanya mwingine aanguke. Kuna kuanguka kwa tamaa, na kuna kuanguka kwa kuuchukia mwili ambao Mungu amekupa. Hilo la pili hatulihubiri sana.

Wingi wa sauti siyo mizani

Jambo la pili lililonishangaza ni hesabu. Mwaka 2015 London kulikuwa na mabango ya njano ya kampuni inayouza vinywaji vya kupunguza uzito, Protein World. Mwanamke amevaa bikini, na swali linalomuuliza mpita njia kama mwili wake uko tayari kwa ufukwe. Watu 378 walilalamika ASA, na waliotia saini ombi la mtandaoni kulipinga walizidi 70,000. Pamoja na hayo yote, ASA iliamua kwamba bango halikuvunja kanuni kwa upande wa kuudhi na kutowajibika. Shida waliyokuwa nayo ilikuwa nyingine, madai yake ya afya na kupunguza uzito. Mwaka uliofuata meya wa London, Sadiq Khan, ndiye aliyetangaza kwamba vyombo vya usafiri vya jiji havitapokea tena matangazo ya kuwafanya watu waone aibu kwa miili yao.

Mwaka uleule wa 2015, mtu mmoja aliandika kuhusu tangazo la Yves Saint Laurent kwenye jarida la Elle. Mmoja tu. Mwanamitindo alikuwa amelala sakafuni, mbavu zinaonekana, mapaja na magoti upana wake karibu sawa. Kampuni haikukubali kwamba amekonda kupita kiasi. ASA ikalizuia tangazo.

Watu 378 wakakosa, mtu mmoja akapata. Unaweza usikubaliane na uamuzi wa Protein World, na mimi moyoni sikubaliani nao. Lakini naheshimu msingi wake: haki haihesabiwi kwa vichwa. Ingekuwa kwa vichwa, kwenye kundi letu mimi ningekuwa na haki, maana wote walicheka. Aliyenyamaza alikuwa mmoja.

Walipokosea wenyewe

Msidhani nawasifia tu. Mwaka 2023 kulikuwa na bango la Calvin Klein lenye mwanamuziki FKA twigs, shati limemfunika nusu mwili, ubavu na sehemu ya titi viko wazi. Walalamikaji walikuwa wawili. Januari 2024 ASA ikalizuia, ikisema limemwonyesha kama chombo cha ngono. Mwenyewe FKA twigs akajibu hadharani. Alisema haoni chombo chochote pale. Anaona mwanamke mweusi, mzuri, mwenye nguvu, ambaye mwili wake umeshinda maumivu mengi. Akauliza pia mbona matangazo mengine ya namna hiyo hayaguswi.

Machi 2024 ASA ikarudi nyuma. Ikakubali kwamba hoja yake ya mwanzo ilikuwa na kasoro, ikaondoa maneno ya "chombo cha ngono". Kilichobaki ni kwamba picha ya namna ile haifai kuwekwa barabarani anapopita kila mtu, wakiwemo watoto.

Hapa nataka tutulie kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye ugumu. Kuna mtu atasema, "Si umeona? Mwenyewe kakubali, sasa nyie mnalalamika nini?" Na mwingine atasema, "Kukubali kwake si kitu, dhambi ni dhambi." Mimi naona wote wawili wanamkimbia FKA twigs. Wa kwanza anasahau kwamba ridhaa ya anayepigwa picha haiondoi wajibu kwa mtoto anayepita chini ya bango. Wa pili anasahau kwamba ukimwita mtu "chombo" ili kumtetea, umeshamwita chombo.

Mtakatifu Yohane Paulo II, kabla hajawa Papa, aliandika kitabu kuhusu upendo na uwajibikaji, na msingi wake mkubwa ni kwamba mtu hawezi kamwe kutumiwa kama kifaa. Njia pekee inayomfaa ni kupendwa. Tunaunukuu msingi huo kwa kampuni za matangazo, na ni sawa. Lakini unatuhusu na sisi tunaolalamika. Nikimtumia mwanamitindo kama mfano wa kuchekesha ili hoja yangu ipate "like", nimemtumia. Kampuni imemtumia kuuza suruali, mimi nimemtumia kuuza uadilifu wangu.

Tufungue Mathayo 18

Sasa chukua Biblia yako, fungua Injili ya Mathayo sura ya 18, uisome yote kwa mara moja. Tumezoea kuisoma vipandevipande, tukakosa kuona jinsi inavyotembea.

Inaanza na mtoto mdogo aliyesimamishwa katikati ya mitume. Halafu linakuja onyo kali kuhusu anayemkosesha mmoja wa wadogo hao, lile la jiwe la kusagia shingoni. Halafu kondoo mmoja aliyepotea, na mchungaji anayewaacha tisini na tisa. Halafu namna ya kumrudi ndugu aliyekosa: nenda kwanza mkiwa wawili peke yenu, asiposikia chukua mashahidi, asiposikia ndipo uliambie kanisa. Na mwisho Petro anauliza asamehe mara ngapi, anajibiwa saba mara sabini.

Mimi nikiisoma sasa naiona njia ya kulalamika ya Kikristo. Inaanzia kwa mdogo atakayeumia, siyo kwa hasira yangu. Inamhesabu mmoja. Inamfuata mkosaji kwa hatua, kwanza pembeni, mwisho hadharani, ikimpa nafasi ya kujieleza. Na inaishia kwenye msamaha. ASA, bila kukusudia kuhubiri Injili, imejaribu kutembea sehemu ya njia hiyo: lalamiko la mmoja linasikilizwa, mambo mepesi yanamalizwa kimya, mazito yanatangazwa. Sisi tulianzia mwisho. Tulianzia hadharani, bila kuuliza, tena kwa kicheko.

Kanisa nalo limeshayasemea haya. Mwaka 1997 Baraza la Kipapa la Mawasiliano ya Jamii lilitoa waraka kuhusu maadili ya matangazo, ukiwa na misingi mitatu: ukweli, hadhi ya binadamu, na wajibu kwa jamii. Na unafundisha kwamba walinzi wa kwanza wa maadili ni dhamiri zilizolelewa vizuri za watu wanaotengeneza matangazo wenyewe. Kanuni zinakuja kusaidia.

Kwa nini dhamiri kwanza? Kwa sababu kanuni huchelewa. Tangazo la Gucci lilionekana Desemba 2015, uamuzi ukatoka Aprili 2016. Bango la FKA twigs lililalamikiwa Aprili 2023, uamuzi ukaja Januari 2024. Miezi tisa! Nguo zimeshauzwa, picha zimeshazunguka dunia nzima, zimefika mpaka kwenye simu zetu huku. Chombo cha kusimamia kinaweza kusema "lisionekane tena". Hakiwezi kufuta kilichokwisha kuingia moyoni mwa binti aliyeliangalia usiku, shuka amejifunika mpaka kichwani, akaamua kuanzia kesho hali.

Sasa tufanye nini?

Kulalamika siyo dhambi, na kunyamaza siyo upole kila wakati. Hata kwetu Tanzania TCRA ina Kamati ya Maudhui inayosikiliza malalamiko dhidi ya vituo vya redio na televisheni. Ukiona kinachowakosesha wadogo, andika. Weka jina la kipindi, siku na saa, eleza kitu gani kimekosewa. Usiandike matusi. Lalamiko moja lenye maelezo linafanya kazi kuliko emoji mia mbili za hasira.

Ila kabla ya kuandika, au kabla ya kutuma kwenye kundi, mimi siku hizi najiuliza maswali matatu. Je, ninachokikemea ni kitendo au ni mwili wa mtu? Je, ninamlinda nani, na huyo ninayemlinda akisoma maneno yangu atafurahi au atajificha? Je, niko tayari kusema "nilikosea" hadharani, kama nilivyokosea hadharani?

Hilo la tatu lilinigharimu. Ilinibidi kwanza nimfuate yule dada, peke yetu, kama Injili inavyosema. Nilimwomba msamaha bila kujieleza sana, maana kujieleza ni namna nyingine ya kujitetea. Kisha nikaandika kwenye kundi kwamba neno langu lilikuwa baya na nalifuta. Sikumtaja. Wawili watatu wakanijibu, "Acha ukali kaka, ulikuwa utani tu." Wengine walikaa kimya. Halafu kaka mmoja, bonge la mtu ambaye siku zote tunamtania na yeye mwenyewe anacheka nasi, akaandika maneno mawili: "Asante sana." Nikajua kumbe hata kicheko chake kilikuwa na uzito wake.

Wahenga walisema mwili haujengwi kwa mbao. Unajengwa kwa chakula, ni kweli, lakini naona unajengwa pia kwa maneno. Kuna miili kwenye kwaya zetu, kwenye jumuiya zetu, kwenye madarasa yetu, ambayo imebomolewa kidogo kidogo na maneno ya watu wanaosali vizuri tu.

Yule dada amerudi mazoezini. Bado hajarudi kwenye kundi la WhatsApp, na sijamshinikiza. Anasimama palepale, sauti ya pili, mstari wa nyuma. Jumapili iliyopita wakati wa Komunyo nilimwona amepanga foleni mbele yangu. Nikawaza, Bwana anakwenda kukaa ndani ya mwili huu huu niliouita henga. Nikainamisha kichwa.

Ee Bwana Yesu, uliyetwaa mwili kama wetu, tupe macho ya kuona picha inayodanganya, na moyo wa kumheshimu mtu aliye ndani yake. Mama Maria, utuombee. Amina.

Uwe na juma jema. Na kabla hujalala leo, kama kuna mtu uliyewahi kumpa jina kwa sababu ya mwili wake, mtafute mkiwa wawili.